Shosho Nora Alikuwa Mama wa Nani

Kila mwaka, siku ile ya kwanza mwenye nyumba wetu hapa Burnsville anapowasha hita, chumba changu hunuka vumbi linaloungua. Ninaoishi nao hukimbilia dirisha. Mimi hukaa pale pale nikavuta pumzi. Harufu hiyo haidumu, labda dakika kumi, vumbi likishaungua lote basi. Lakini kwa hizo dakika kumi mimi nina miaka tisa tena, nimekaa kwenye zulia la Shosho Nora kule Frogtown, mtaa mmoja wa Saint Paul, mji tuliokaa wakati huo, mgongo nimeuegemeza kwenye mabomba ya chuma yanayogongagonga, namsubiri Mama amalize kazi.

Shosho maana yake bibi, lakini Shosho Nora hakuwa bibi yangu. Alikuwa mzungu mwembamba, miaka themanini na kitu, na Mama alilipwa kumtunza: kumwogesha, kumpikia, kumpa dawa, na zaidi ya yote kumsikiliza. Baba alikuwa kazini mchana kutwa hotelini Bloomington, nyumbani hapakuwa na mtu, kwa hivyo basi la shule lilikuwa likinishusha kwenye kona ya Shosho Nora. Siku ya kwanza Mama aliomba ruhusa huku anatazama viatu vyake. Shosho Nora akasema, "Mlete. Nyumba hii haijasikia mtoto tangu mimi mwenyewe nilipoacha kuwa mtoto."

Ilikuwa kweli. Alizaliwa humo humo, chumba cha juu. Wazazi wake walitoka Ireland kwa meli wakiwa vijana, wamefunga ndoa juzi tu, baba akapata kazi ya reli na mama akafua nguo za watu. Walizaa watoto wanne: Cornelius, Dennis, Ellen, na Nora kitindamimba. Alipokuwa akinihesabia alitumia vidole. "Cornelius alikufa vitani. Dennis akawa padri. Ellen akawa mtawa. Mimi nikabaki kuwatunza wazee. Kwa hivyo ukoo mzima, mpenzi wangu, umeishia kwenye kochi hili."

Mimi nilishangaa sana. Nikamuuliza, "Kwani wewe ni mama ya nani?"

"Mimi si mama wa mtu."

"Haiwezekani. Hata mimi ni mama ya mtu."

Akaniangalia juu ya miwani. Mama, aliyekuwa akikunja taulo, akacheka hadi ikabidi aketi.

Hapa lazima nieleze. Kwetu mtoto wa kwanza wa kiume huitwa jina la baba wa baba yake, na wa pili jina la baba wa mama yake. Wasichana vilevile: wa kwanza ni mama wa baba, wa pili ni mama wa mama. Huulizi, huchagui, majina yanakungoja kabla hujazaliwa. Mimi ndiye msichana wa kwanza, kwa hivyo mimi ni Wanjiru, kwa kifupi Ciru, jina la shosho yangu wa Nakuru, mama mzazi wa Baba. Na si jina tu. Baba huniita maitu, yaani mama yangu. Akinunua nyama mimi ndiye wa kwanza kuonja. Nikiingia sebuleni yeye amekalia kiti kizuri, huinuka akanipisha, hata kama ametoka kazini na miguu imemvimba, kisha anakaa sakafuni kama mtoto. Mama naye akiudhika na mimi alikuwa anasema, "Mama mkwe, vile vyombo vitajiosha?" Kwangu huo haukuwa mchezo. Nilikuwa nimeamini kabisa kwamba mimi ni mtoto wa Mama na pia ni mama wa Baba, na kwamba kila mtu duniani yuko hivyo.

Sasa, kulikuwa na jambo lililokuwa likimsumbua Shosho Nora. Wazazi wake wamezikwa hapo Saint Paul, na jiwe lao lina majina yao mawili, Michael na Mary, na chini yake yameandikwa maneno "wenyeji wa", kisha pengo. Yeye mwenyewe ndiye aliyemwambia fundi wa wakati huo aache nafasi, kwa sababu hakujua kijiji chao. Alijua kaunti tu. Walipokuwa hai hawakupenda kuulizwa. Mama yake alikuwa akianza kuosha kitu ambacho tayari ni safi. Baba yake alikuwa akisema, "Kule tuliacha mvua," akachukua kofia yake akatoka. Nora alidhani atakuja kujua siku moja, na siku moja ikawa miaka sitini.

Vuli ile daktari alimwambia jambo kuhusu moyo wake, ambalo mimi nilitumwa jikoni nisilisikie. Jioni hiyo alimpigia simu fundi wa mawe ya makaburi. Fundi akamwambia anachonga mpaka ardhi igande, halafu hagusi kitu mpaka Aprili. Shosho Nora aliweka simu chini akamwambia Mama, "Sina hakika kama nina Aprili." Nami kutoka jikoni nikafikiri ni kitu kilichoisha kabatini, nikaanza kumtafutia.

"Nikiingia humo ndani," alisema, "sitaki kulala kando ya pengo."

Mama aliposikia hivyo alivaa kazi ya kukitafuta kijiji kama koti. Mama yangu ni mtu wa kuamua. Jumamosi iliyofuata tukampakia Shosho Nora kwenye gari letu, blanketi miguuni, tukaenda maktaba ya mtaa, pale karibu na maduka ya wahamiaji Wahmong. Kijana mmoja wa maktaba, mwenye nywele ndefu na sauti ya upole, alitukalisha mbele ya kompyuta. Akatuonyesha kwamba vitabu vya ubatizo vya makanisa ya kule vimepigwa picha, kaunti kwa kaunti, na unaweza kutafuta kwa jina. Akaandika jina la baba yake Nora. Yakatoka majina ya Michael wa ukoo ule mengi kiasi kwamba kijana alikuna kichwa.

"Ni jina la kawaida mno kule," alisema. "Tungejua majina ya babu na bibi yako, tungempata. Bila hayo..."

Mama akaniambia kwa Kiswahili, "Ni kama kumtafuta Kamau huko Kiambu."

Shosho Nora alisema hajawahi kuwaona babu na bibi zake, wala kusikia wakitajwa. Akaanza kufunga vifungo vya koti lake. Ndipo Mama akamshika mkono.

"Kaka yako wa kwanza alikuwa nani?"

"Cornelius."

"Basi baba wa baba yako ni Cornelius."

"Umejuaje?"

"Sasa angeitwa nani mwingine?" Mama alionekana kushangaa kwamba hilo ni swali. "Dennis ni wa pili, huyo ni baba wa mama yako. Ellen ni mama wa baba yako. Na wewe Nora, wewe ni mama wa mama yako. Wazazi wako walikuandikia majina yote. Waliyaandika kwa watoto."

Kijana wa maktaba akasema hata yeye amewahi kusikia kwamba watu wa Ireland wa zamani walikuwa wakirudisha majina ya wazee, ila hajui kwa mpango gani. "Mpango ni huo," Mama akasema, na likaisha hilo. Shosho Nora alikaa tena. Akafungua vifungo vyote.

Kwa hivyo tukaanza kumtafuta Michael, mtoto wa Cornelius na Ellen. Jumamosi tatu. Kurasa zile zilikuwa na wino uliofifia, na mwandiko kama wa mtu anayeandikia mgongoni mwa punda. Kazi yangu ilikuwa kusoma kwa sababu macho yangu yalikuwa mapya. Tulimpata Michael wa Cornelius na Bridget. Michael wa Cornelius na Honora. Michael wa Cornelius na Catherine. Wa Ellen hakuwepo. Kila mmoja Mama alisema, "Si huyo, pita," tukapita. Jumamosi ya tatu, tukirudi, Shosho Nora alijifunika blanketi hadi kidevuni. Asubuhi ya Jumapili vioo vya magari mtaani kwetu vilikuwa na barafu nyembamba kama karatasi ya peremende.

Wiki hiyo ndipo aliponisimulia habari ya kiti. Nilikuwa kwenye zulia, namsomea gazeti la matangazo ya duka, maana alipenda kusikia bei ya kabichi. Akasema ghafla, "Baba yangu alikuwa na kiti kimoja karibu na jiko. Chake peke yake. Kaka zangu hawakuthubutu. Ellen alikikalia siku moja akatolewa kwa sikio. Lakini mimi nikiingia, hata nikiwa mdogo kama paka, Baba anasimama. Anasimama kabisa, ananipa kiti, anakaa juu ya ndoo ya makaa. Nilikuwa na kifua kibovu. Nadhani alinihurumia."

Niliacha kusoma. Nilijua. Nilijua kama unavyojua kwamba umekanyaga maji gizani. Baba hasimami kwa sababu ya kifua. Baba husimama kwa ajili ya mama yake. Ellen hakuwa mama wa baba yao hata kidogo, ndiyo maana alivutwa sikio. Aliyekuwa mama wa baba yao ni huyu hapa kwenye kochi, na Mama alikuwa amewapanga wale wasichana wawili kinyume.

Badala ya kumwambia, nikaendelea kusoma bei ya kabichi.

Sababu ni hii. Mwezi uliotangulia, baba mmoja wa kanisani kwetu alikuwa amekamatwa na watu wa uhamiaji, akarudishwa kwao. Nilisikia watu wazima wakiongea sebuleni kwetu, sauti chini, chai inapoa. Kitu kimoja tu nilikishika: walikagua karatasi zake, wakaona alikotoka, wakamrudisha huko. Watoto wake walikuwa darasa langu la Jumapili, na Jumapili iliyofuata hawakuja. Basi nikajiwekea hesabu yangu ya utotoni. Shosho Nora alikuwa salama kwa sababu hakuna aliyejua wazazi wake walitoka wapi. Siku tutakapolipata jina la kijiji na kulichonga kwenye jiwe mahali ambapo kila mtu anaweza kusoma, watakuja kumpeleka. Mvua ile ile aliyoikimbia baba yake. Na kifua chake kile.

Nikanyamaza siku nne. Kwa mtoto wa miaka tisa siku nne ni muhula mzima. Wakati huo nilikuwa nimeshaanza tabia ya kumjibu Mama kwa Kiingereza, naye hunikemea, "Ongea kama mtu." Siku hizo nne sikuongea kwa lugha yoyote. Baba aliniambia, "Maitu, nani amekukosea? Nimtafute?" Nikatikisa kichwa. Huku Shosho Nora alikuwa ameacha kumaliza chakula. Alikuwa akikata kabichi vipande vidogo vidogo, anavisogeza upande mmoja wa sahani, kisha upande wa pili. Nilimsikia Mama akimwambia Baba kwenye simu, "Amekata tamaa huyu. Ni mimi niliyempa tumaini, si ningenyamaza tu."

Sauti ya Mama ndiyo iliyonishinda. Nilingoja aende kuchukua nguo kwenye mashine ya kufulia iliyokuwa chini, nikasimama mbele ya kochi.

"Nikikuambia kitu, utaahidi hutaenda?"

"Niende wapi?"

"Kule. Ireland. Wakija kukuchukua, useme hutaki."

"Mpenzi wangu," alisema Shosho Nora, "mimi sifiki hata kwenye sanduku la barua."

"Ahidi."

Aliona sicheki. Akaweka mkono wake kifuani, akaahidi kwa heshima zote, kama anaapishwa mahakamani. Ndipo nikamwaga yote. Kiti, Baba yangu, nyama, maitu, yule baba wa kanisani, karatasi. Nilichanganya lugha mbili na kamasi. Sijui alielewa vipi, lakini alinyanyua mkono kunisimamisha nilipofika mahali fulani.

"Rudia hapo. Baba yako anakupisha kiti kwa nini?"

"Kwa sababu mimi ni mama yake."

"Na baba yangu..."

"Wewe ndiye mama yake. Si Ellen. Ellen ni wa upande wa mama yenu."

Hakuuliza habari ya kijiji. Alikaa akitazama mahali pale karibu na ukuta ambapo jiko la makaa lilikuwa zamani, na sasa palikuwa na meza ya dawa. Midomo yake ilikuwa ikitembea. Mama alipopanda ngazi na kapu la nguo alitukuta hivyo, mimi nalia, yeye halii ila uso wake umelowa.

"Umemfanya nini mgonjwa wangu?"

"Miaka yote hii nilifikiri alinihurumia," Shosho Nora akamwambia. "Maisha yangu yote. Kumbe aliniheshimu."

Ilibidi nimweleze Mama upya kwa Kiswahili. Alisimama na kapu kiunoni. Nilijiandaa kwa kofi. Lakini aliweka kapu chini, akajipiga paji la uso.

"Kumbe wao kwa wasichana wanaanzia upande wa mama? Watu wa ajabu. Sasa hiyo heshima ya bwana iko wapi?"

"Pengine wanawake wa kule walikuwa wakali," Shosho Nora akasema, na hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza wiki ile kumsikia akitania.

Mama hakungoja Jumamosi. Tulienda kesho yake baada ya shule, sisi wawili tu, maana Shosho Nora alikuwa dhaifu mno. Nora kwa kirefu ni Honora, hivyo ndivyo alivyobatizwa mwenyewe. Na yule Michael wa Cornelius na Honora tulikuwa tumempita, Mama mwenyewe alikuwa amesema "si huyo." Tukarudi ukurasa kwa ukurasa. Alikuwepo, amekaa kimya, hajaenda popote. Na pembeni ya jina lake padri alikuwa ameandika mahali: Knockaveen. Kisha, kwa sababu Mama hapendi kazi nusu, tukamtafuta Mary, mtoto wa Dennis na Ellen. Ilituchukua muda hadi wakaanza kuzima taa za upande wa pili. Knockaveen. Kijiji kimoja. Walikuwa majirani.

Kijana wa maktaba alituchapishia kurasa zote mbili. Mama alizishika kwa ncha za vidole, kama mandazi ya moto. Ndani ya gari hakuwasha injini mara moja.

"Wewe," aliniambia. "Hakuna mtu anamrudisha huyu mama popote. Unasikia? Amezaliwa hapa."

"Ndiyo."

"Na wewe pia, una karatasi zako. Baba ana zake. Mimi nina zangu. Zote ziko ndani ya ile begi ya bluu." Akashika usukani. "Ungeniuliza, Ciru. Siku nne umebeba mzigo wa mtu mzima na mimi nipo."

Nilisema ndiyo, lakini kusema kweli niliamini nusu tu. Watu wazima walikuwa wamemwambia vizuri hivyo hivyo yule baba wa kanisani.

Fundi wa mawe alikubali kuja asubuhi ya Alhamisi. Ardhi ilikuwa ngumu juu, chini bado. Baba aliomba ruhusa kazini ili amsaidie Shosho Nora kutoka garini, na alimvalisha kofia yake mwenyewe yenye masikio, ile anayovaa akingoja basi. Shosho Nora alimwuliza, "Ni wewe mwenye mama mdogo?" Baba akasema ndiye, akanionyesha kwa kidevu. Wakapeana mikono kama watu ambao kila mmoja amesikia habari za mwenzake kwa muda mrefu.

Fundi alikuwa mtu mnene mwenye penseli sikioni, hakuwa na haraka. Alipiga magoti mbele ya lile pengo akaandika Knockaveen kwa penseli, herufi kwa herufi, Shosho Nora akimtajia. Alipomaliza tu kutaja herufi ya mwisho, alishusha mabega. Sijaona tena mtu akishusha mabega namna ile. Alikula sahani nzima jioni hiyo, na msiwe na wasiwasi, aliishi tena baridi mbili baada ya ile, akimlalamikia Mama kwamba kabichi imepikwa sana.

Lakini pale makaburini fundi hakuwa amemaliza. Aliligonga jiwe chini, mahali palipobaki, akamwuliza kwa adabu, "Na wewe, mama? Nafasi yako ni hii. Niweke alama sasa hivi, nisije nikakosa nafasi baadaye. Niandike Knockaveen pia?"

Nikashika koti la Baba. Nilikuwa nimeshamwambia Shosho Nora aseme hataki, sasa ilikuwa zamu yake kujitetea, na penseli ile ilikuwa tayari hewani.

Shosho Nora hakufikiri hata kidogo. "Hapana. Pale ni kwao, na nimefurahi kupajua. Mimi niandike Saint Paul."

Fundi akaandika. Nilimwachia Baba, nikachuchumaa karibu na jiwe, nikafuatilia zile herufi moja moja huku penseli ikitembea. Nilikuwa nayajua maneno hayo kuliko mtu yeyote pale. Ndiyo niliyofundishwa shuleni kuyaandika chini ya jina langu, ili siku nikipotea, mtu anionyeshe njia ya nyumbani.